Ri wa Kaskazini, Lii wa Kusini

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya picha, na picha yenyewe wala sikuitoa mimi. Nalisema mapema kwa kuwa hapa Ifakara yamesemwa mengi: kwamba nilikwenda Dar kutibiwa, kwamba nilikwenda kuolewa na Mchina. Jamani! Kwa magoti haya? Ukweli ni huu ninaouandika, isipokuwa majina nimeyageuza, shamba tulilofanyia kazi nimelihamisha, na hata kovu mtakalolisoma mbele halikuwa pale nitakaposema lilikuwa. Anayetaka kunichunguza zaidi ya hapo akachunguze mbuzi wangu.

Enzi za ubinti wangu niliajiriwa kuendesha pampu kwenye shamba la mpunga la serikali. Wataalamu walikuwa Wakorea wa Kaskazini. Kwa vijana wasiojua: Wakorea ni taifa moja lililopasuliwa katikati kwa vita, Kaskazini na Kusini, na tangu hapo mtu wa huku hampigii simu wa kule, hamwandikii barua, wala hamziki. Bosi wangu aliitwa Mhandisi Ri. Kiswahili kilimshinda kabisa, basi mimi ndiye niliyejifunza Kikorea, kutoka kinywani mwake yeye peke yake, miaka mitano mfululizo. Mpaka leo nikigombeza mbuzi nagombeza kwa Kikorea, na wanaelewa.

Wasiwasi wangu mnaoucheka nao nilifundishwa kazini. Wakorea wale walitembea wawili wawili, na wa pili kazi yake kumsikiliza wa kwanza. Mhandisi Ri akitaka kusema la moyoni alisubiri niwashe pampu, maana ile ikinguruma hata wewe mwenyewe hujisikii. Siku moja akanisogelea sikioni, akasema ana kaka mkubwa aliyekimbilia Kusini wakati wa vita. Kwao mtu mwenye ndugu Kusini ana doa, yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake. Basi kwenye fomu zote za serikali alimwandika kaka yake kuwa amekufa. "Nimemuua kwa kalamu," akasema, "ili wanangu waishi. Mtu wa Kusini akija kuniulizia, hunijui." Nikaapa. Hata marehemu mume wangu sikumwambia.

Sasa Skola, binti wa marehemu kaka yangu, anaishi Temeke na anapika kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Kikorea huko Kinondoni. Akaikuta picha kwenye albamu ya baba yake, mimi na Mhandisi tumesimama mbele ya pampu. Akaiweka kwenye stetasi ya simu na maneno chini yake: "Shangazi yangu kipenzi na Injinia Ri, enzi hizo." Bosi wake akaiona. Na bosi wake ni Mkorea wa Kusini.

Simu ikaja siku hiyo hiyo. "Shikamoo shangazi. Bosi kaona picha, kalia jikoni mpaka mchuzi ukaungua. Anasema huyo mwanaume ni sura ya baba yake mtupu. Anakuomba uje, nauli anatoa yeye."

"Futa hiyo picha sasa hivi!"

"Nishafuta, shangazi. Ila yeye keshaihifadhi kwenye simu yake."

Nikaona nikikaa, watanifuata. Heri niwaendee mimi, niwaone macho yao, nijue wanajua kiasi gani. Nauli nilijilipia. Nauli ya kulipiwa ni kamba, unavutwa nayo.

Alfajiri ya Alhamisi nilikuwa stendi na kikapu kimoja. Sikumuaga mtu, na huko ndiko mlikoanzia kunizushia. Jirani yangu wa kiti alikuwa baba mmoja mpole aliyevaa fulana ya kwaya, na hatujafika Kidatu akaniuliza naenda Dar kwa nani. Mtu unamjua dakika kumi, anataka kujua unalala wapi! Nikamwambia naenda kung'oa jino. Kumbe naye kang'oa meno matano. Alinisimulia moja baada ya jingine mpaka Mikumi, tembo wakipita dirishani hatuwaoni. Alipotaka kuninunulia maji pale Morogoro nilikataa, kisha nikaona haya, maana alikuwa mtu mwema tu wa Mungu.

Saa tisa alasiri tuliingia Mbezi. Festo, mume wa Skola, alikuwa ananisubiri na bajaji aliyokwisha kupatana bei yake. Festo ni mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, ana kibanda chake cha kazi Mwenge, na vidole vyake vimeota sugu kila kiungo. Domo analo. Kutoka Mbezi mpaka kwao Temeke hakufunga mdomo, akinionyesha maghorofa kana kwamba kayajenga yeye.

Jioni, baada ya ugali na kisamvu, nikawaeleza wao wawili tu, mlango umefungwa na redio imefunguliwa, jambo lile nililolibeba miaka yote. Kiapo nilikivunja. Lakini ningewezaje kumkataza Skola asiseme jambo asilolijua?

Festo akafyonza meno. "Shangazi, hiyo siyo ishu. Utawala ule wa Kaskazini hauna muda. Nimeona video mtandaoni, jamaa anaeleza na ramani, mwakani chali!"

"Video gani? Ile iliyokwambia majani ya mpapai yanaotesha nywele?"

Skola akacheka mpaka akashika ukuta. Festo akajipapasa kipara.

"Mie nasema hivi," akaendelea. "Ukianguka, nchi zinaungana, mnasema kila kitu hadharani, mambo yameisha."

"Na usipoanguka?"

Na hapo ndipo palipokuwa na shida yangu yote. Kama utawala ule ungeanguka kesho, ningesema ninalolijua bila woga. Kama hauanguki, neno langu moja likivuka mpaka, wale watoto wa Mhandisi, ambao sasa ni watu wazima wenye wajukuu, wangeulizwa: mbona marehemu wenu anawatafuta? Nani wa kunihakikishia lipi litatokea? Hata wenye ramani hawajui.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Skola alinipeleka Kinondoni. Mgahawa ulikuwa bado haujafunguliwa. Uko nyuma ya ukuta wa maua, meza sita, na juu ya kona kuna kamera. Niliiona kabla sijaona kitu kingine. Bosi wake alitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, mama wa miaka kama hamsini na mitano, nywele fupi, uso wa kuchoka. Akanipa kadi yake kwa mikono miwili. Imeandikwa Lee. Nikaisoma le-e, kama mtu anayeambiwa alee mtoto.

"Lii," akanisahihisha. Kiswahili chake ni cha sokoni lakini kinatosha, kakaa Dar miaka tisa. "Mimi Lii. Baba Lii. Mdogo wa baba, Lii."

Nikamgeukia Skola nikamnong'oneza, "Unaona? Wetu alikuwa Ri. Hawa siyo."

"Shangazi nawe! Si r na l tu? Kama fundi wetu wa bomba anavyosema anakwenda kurara."

Kumbe madamu alisikia. Akachukua kalamu akachora alama moja ya Kichina, akasema zamani jina lile liliandikwa hivyo, moja kwa wote. Nchi ilipopasuka, Kaskazini wakabaki na Ri, Kusini wakaiacha ile r, na hiyo l ni ya kuwaandikia wageni tu. Jina moja, mpaka umepita katikati ya ulimi. Alieleza vizuri. Mimi nikawaza: na jasusi je, angeeleza vibaya?

Nikaamua kumpima kwa lugha. Nikamwamkia kwa Kikorea, nikamwita tongmu, kama nilivyozoea kusema pampuni. Ni kama ile "ndugu" yetu ya wakati wa chama. Yesu na Maria! Mama wa watu aliruka, akatazama mlangoni, akanishika mkono. Akasema neno hilo kwao Kusini halisemwi, mtu akilisema wanamwona mkomunisti. Kisha akanitazama usoni, mkono hakuuachia. "Unaongea kama bibi yangu," akasema. "Bibi alikufa nikiwa mdogo. Sijasikia tena mtu anaongea hivyo."

Moyo ulitaka kulainika. Lakini akaleta karatasi. Akasema baba yake amevuka tisini, figo zimechoka, na kuna kipindi cha televisheni kwao kinachotafuta ndugu waliopotezana. Alikuwa ameshaijaza fomu nusu. Alitaka jina la kwanza la Mhandisi, mahali alipofanya kazi, na ruhusa ya kuonyesha picha. "Mwisho wa mwezi wanatangaza," akasema. "Nchi nzima itaona."

Nchi nzima! Na Kaskazini hawana macho?

"Simjui," nikasema.

"Mama, picha hii. Wewe na yeye."

"Nilikuwa napita tu. Mpiga picha akanisimamisha."

"Miaka mitano ulikuwa unapita?" Kumbe Skola alishamwambia ya miaka mitano. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikasimama, nikachukua kikapu, nikatoka. Sikuaga. Nyuma yangu nilisikia kiti kikisogezwa na yule mama akisema pole pole, "Tafadhali, mama. Tafadhali."

Mchana huo Skola alikuwa na vitunguu na nyanya za kununua sokoni Mabibo kwa ajili ya mgahawa, nikamfuata. Hakuongea nami. Alipita kati ya magunia akichagua nyanya kwa hasira, anaziminya kama koo za watu. Nilipomwambia zile zimeiva mno akanigeukia machozi yanamtoka.

"Shangazi, yule mama mtoto wangu alipolazwa alikaa naye wodini kuliko mie. Na wewe umemwona shetani."

"Simwoni shetani. Naona fomu."

"Unaona vibaya kila mtu! Baba alikuwaga anasema, dada yangu hata padri akimpa komunyo anaigeuza kwanza."

Kweli marehemu alisema hivyo, na nilichukia kusemwa sokoni mbele ya wauza ndizi. Nilibeba kitunguu kikapu kizima mpaka barabarani, mgongo unaniuma, sikulalamika.

Jumamosi asubuhi Festo hakwenda Mwenge. Alikaa uani na kipande cha mpingo, akiparua ganda jeupe ili afike kwenye weusi, na bila kuinua macho akaniambia: "Shangazi, nikuulize kitu bila kukuudhi?"

"Umeshaniudhi tangu Mbezi. Uliza."

"Kwetu ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Kule kulipokuwa na vita, babu yangu alikuwa na dada yake upande wa pili. Kila aliyevuka babu alimuuliza. Wengi walimjibu hawamjui, wengine kwa kumwogopea tu. Unadhani babu alinyamaza? Akaanza kuuliza kwa sauti kubwa zaidi. Akauliza mpaka kwa askari. Mtu anayemtafuta nduguye ukimwambia simjui hatulii. Anaongeza sauti."

Nikaweka kikombe chini.

"Yule mzee," Festo akasema, "asipoambiwa kwa nini anyamaze, mwisho wa mwezi yuko kwenye televisheni. Kimya chako ndicho kitakachowaponza hao watoto."

Mtu mwenye video za ramani na kipara cha mapapai, na ndiye aliyeiona. Miaka yote nilidhani kiapo changu ni kufuli. Kumbe ufunguo nilikuwa nao mimi, na nyumba inaungua. Lakini bado palikuwa na shimo: nikisema, na yule mzee siyo kaka, ni mtu tu wa kunivua siri, basi nitakuwa nimewathibitishia kila kitu kwa mdomo wangu. Ilibidi kwanza nimjue ni nani. Na nilikuwa na swali moja la kumuuliza, ambalo Mhandisi alinipa bila kujua amenipa.

Jumapili baada ya misa ya kwanza tulivuka kwenda Kigamboni kwa pantoni, mimi na Skola, kwa sababu nilisema mgahawani sirudi, penye kamera siongei. Madamu Lii anapangisha nyumba ndogo kule, uani kapanga mitungi ya udongo anamochachishia kabichi yake. Harufu ile! Nilisimama mlangoni miaka arobaini ikanirudia. Mhandisi alikuwa na mtungi kama ule nyuma ya nyumba ya pampu, tukimwambia ananuka, anacheka.

Nikatoa masharti. Simu yake aiweke kwenye friji, nimesikia humo haisikii. Tutampigia mzee kwa simu ya Skola. Fomu ikae mezani wazi, na kalamu asiishike mtu. Madamu alitii kila kitu. Simu akaiweka juu ya mayai, akafunga friji, akaketi mikono mapajani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Saa nne asubuhi kwetu ilikuwa saa kumi jioni kwao. Uso ukatokea kwenye kioo: mzee mkavu, kalala juu ya mito, mpira wa hewa puani. Kufanana kupo, siwezi kusema hakuna. Ile taya. Lakini taya si cheti cha kuzaliwa.

Nikamsalimia kwa Kikorea, salamu ndefu ya heshima kwa mkubwa. Sikufika mwisho. Mzee alifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kutikisika. Madamu akanieleza kwa kunong'ona: "Hajasikia lafudhi ya kijijini kwao tangu afe bibi yangu yule, shangazi yake aliyekimbia naye." Nikakumbuka kwamba Kikorea changu chote ni cha mtu mmoja. Nilipofungua kinywa mimi, alisikia mdogo wake. Hata hivyo nikasema moyoni, Leokadia, tulia, machozi nayo hufundishwa.

"Mzee," nikamwambia, "mdogo wako alikuwa na kovu juu ya nyusi. Alilipata wapi?"

Madamu akawahi. "Hiyo naijua! Bibi alisimulia. Alianguka kutoka kwenye mti wa matunda."

Hilo ndilo jibu alilopewa kila mtu, ndilo lililoandikwa kwenye fomu za afya za Mhandisi. Yeyote mwenye faili lake angelijua. Nikanyoosha mkono kutaka kukata simu.

"Nyamaza, wewe," mzee akamwambia binti yake. Sauti ilikuwa ndogo lakini ikakata. "Hakuanguka. Nilimkata mimi. Tulikuwa tunakata nyasi za ng'ombe, nikageuka na mundu bila kutazama. Damu ilijaa macho yake yote. Nikamwambia aseme ameanguka, la sivyo baba angenivunja mkono. Akasema ameanguka. Mpaka nakimbia nyumbani, mama aliamini ameanguka."

Madamu alikuwa amefungua mdomo. Hajawahi kusikia hata yeye. Na mimi nilisikia ngurumo ya pampu, na Mhandisi sikioni mwangu: hakuna aijuaye ila mimi na kaka.

Nililia. Sioni aibu kusema. Miaka yote ya kuwatilia shaka watu, siku hiyo nilipata mtu mmoja aliyekuwa yule anayesema kuwa ndiye, na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Kisha nikamwambia. Nilimwambia moja kwa moja, kwa kuwa lugha ya kuzungukazunguka Mhandisi hakunifundisha. "Mzee, kule kwenye makaratasi wewe umekufa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuandika. Ukimtafuta hadharani, watajua alidanganya, na balaa litawaangukia watoto wake."

Nilisikia mashine yake ya hewa ikipumua kwa niaba yake.

"Nilikufaje?" akauliza.

"Kwa bomu. Ukiwa kijana."

"Mwenye kaka Kusini asingetumwa Afrika?"

"Asingetumwa hata sokoni."

Sasa ndipo aliponishangaza. Alicheka. Kicheko chembamba, cha kukohoa, lakini kicheko. "Ananificha tangu utotoni," akasema. Akafuta macho kwa shuka. "Alifanya vizuri. Mwanangu, chana hiyo fomu."

"Baba!" Madamu Lii akasimama. "Umesubiri maisha yako yote! Na utawala ule ukianguka? Wanasema hauwezi kudumu."

"Wanasema tangu nina meno yote. Mara mbili kiongozi wao amekufa, na mara mbili nilifungasha begi, mama yako aliniona. Mtoto akakalia kiti cha baba, nikafungua begi." Akapumzika kidogo. "Ukianguka, atanitafuta yeye. Usipoanguka, mimi nimekufa. Chana, nikuone."

Madamu aliichana. Aliichana vipande vidogo kupita kiasi, huku Skola, ambaye hakuelewa hata neno moja, amemshika kiuno kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Mzee akaniuliza kama mdogo wake yu hai. Nikasema sijui, mkataba ulipoisha aliondoka, barua haikuja. Akaniuliza kama alikonda. Nikasema hapana, alipenda samaki wa mtoni, na wanawake wa shambani walimwekea mapande makubwa. Hilo lilimfurahisha sana, akataka nilirudie.

"Alipokutajia habari zangu," akauliza mwisho, "aliniitaje?"

"Hyong."

"Basi niite."

"Hyong," nikasema.

Madamu, machozi bado yanamtiririka, akanigusa bega. Akanieleza kwa upole kwamba mwanamke hasemi hivyo. Hilo ni neno la mwanamume anapomwita kaka yake mkubwa, dada ana neno lake. Nikaona haya. Nani angenifundisha la dada? Mwalimu wangu alikuwa mwanamume.

"Usimsahihishe," mzee akasema. Alikuwa amefumba macho. "Mwache aseme tena."

Nikasema tena. Nikasema mara nyingi, mpaka salio la Skola likaisha.

Jumatatu nilipanda basi la kurudi. Madamu alinisindikiza mpaka Mbezi, akanipa mtungi mdogo wa kabichi, na safari hii nilipokea bila kuugeuza. Tukiwa tumekaa kwenye benchi nilimuuliza lile mnaloniuliza hapa nyumbani: wataungana? Akasema wanawe wa kiume hawataki kusikia. Wanasema Kaskazini ni maskini, ni wageni, na nani atawalisha. "Anayetaka ni baba," akasema, "na wenzake wa umri wake. Kila mwezi wanapungua."

Basi hilo ndilo nililojifunza, na halikunifurahisha. Nilikwenda nikidhani hatari ni utawala kudumu. Utawala unaweza kuanguka kweli, leo au kesho, Festo na ramani zake wakashangilia. Lakini mpaka ukifunguliwa na waliokuwa wakitafutana wamekwisha wote, watakaokutana pale ni majirani tu wenye majina yanayofanana. Na kuhusu wasiwasi wangu: ulimlinda Mhandisi miaka yote, na siku tatu kule Dar nusura umponze. Sijauacha. Ila sasa nauuliza maswali nao.

Wiki ya tano tangu nirudi, Skola alipiga simu mapema asubuhi. Kabla hajamaliza salamu nilijua ni yule mzee. Alisema wamezika kimya kimya, na kwenye tangazo la msiba waliorodhesha watoto, wajukuu, hata wakwe. Mdogo wake hawakumwandika. Mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza.

Nikatandika mikeka uani, nikabandika sufuria kubwa ya chai, nikajifunga kaniki. Mliokuja mnakumbuka. Mlivua viatu mkakaa, mkaniuliza nani amefariki, nikasema kaka yangu. Mkatazamana, maana kaka zangu wote mliwazika nyinyi wenyewe, na Mama Devota akasema labda uzee umeniingia. Nikasema huyu alikuwa mbali. Hamkuuliza zaidi, mkaanza rozari, na nawashukuru kwa hilo.

Tulipomaliza, katekista alitaka kujua kama marehemu ameacha ndugu mwingine, ili amtaje kwenye sala.

"Yupo mdogo wake," nikamwambia. "Hajaambiwa."